Breka Kubwa Si Dawa: Vile Utapanga Boksi Mpya ya Stima Bila Kumaliza Doh

Mathe aliwekewa shawa ya stima mwaka jana. Mtu akioga na mwingine anapiga pasi, breka inajitupa, giza nyumba nzima. Fundi wa mtaa akakuja, akatoa breka ya 20, akaweka ya 40. Soo tano, kazi imeisha. Stima ikaacha kupotea, mathe akafurahi. Wiki tatu baadaye tukaskia harufu ya plastiki ikiungua ndani ya ukuta.

Iko hivi, msee. Breka haiko hapo kulinda shawa. Inalinda waya. Waya ikibebeshwa mzigo kuiliko inachemka, na breka ya 40 imekaa tu inaangalia.

Kwa hivyo kabla utoe hata thao moja, chukua kalamu. Andika vitu zote za kejani zinazokula stima, na wati zake. Wati gawa kwa 240, unapata ampea. Shawa ya wati 5,400 ni ampea 22.5. Pasi ya 1,200 ni 5. Birika ya 2,000 ni kama 8. Ukiwasha zote tatu pamoja, umefika karibu 36. Hiyo hesabu ni bure, na ndiyo itakuambia unahitaji boksi ya aina gani.

Sasa doh. Kuna mahali hupaswi kubana:

1. Shawa ipate waya yake pekee, nene, kutoka kwa boksi hadi bafu, na breka yake. Isishare na soketi.

2. RCD ya miliampea 30. Hii ndiyo hukata stima haraka ikianza kupitia mwili wa mtu. Ikishawekwa, bonyeza kile kidude cha T mara moja kwa mwezi. Isipojitupa, ita fundi.

3. Eathi. Bila hiyo, shawa inaweza kukurusha hata kama boksi ni mpya.

4. Fundi mwenye leseni ya EPRA. Mwambie akuonyeshe. Si matusi, ni maisha yako.

Mahali unaweza kubana ni hapa. Mwambie fundi aandike bei ya vifaa kando na ya kazi, halafu ununue vifaa mwenyewe pole pole, mwezi huu boksi, mwezi ujao waya. Cheki alama ya KEBS. Kwangua ncha ya waya na kisu: ikiwa nyekundu juu na nyeupe ndani, hiyo ni alumini imepakwa rangi ya kopa. Rudisha. Na ukinunua boksi, chukua yenye nafasi mbili za ziada. Siku utaongeza friza, hutaanza upya.

Hesabu ikizidi ile stima umepewa, ongea na Kenya Power kwanza wakuongezee. Mita na sili ni zao, fundi wako asiguse. Na kama ni keja ya kupanga, hiyo bili ni ya landilodi. Mpelekee hesabu yako.

Kwa mathe ilibidi tupasue ukuta, tubadilishe waya, tununue boksi. Ile kazi ya soo tano tuliilipia mara mbili. Wewe anza na kalamu.