Mvua za "wastani" maana yake nini?

Ndugu msikilizaji, mwezi wa Oktoba mji wa Tunduma ni mji wa vumbi. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde hulitimua kutwa, upepo hulipeleka madukani, na saa sita mchana jua huwa utosini. Ukitoka nje ya mji utakuta miombo imechipua majani mekundu. Basi watu nao, kijiweni na sokoni, huwa na swali moja tu: mvua zitaanza lini, na safari hii zitakuwaje?

Swali hilo hujibiwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kwa kawaida mwishoni mwa Oktoba, inapotangaza mwelekeo wa mvua za Msimu. Hizi ni mvua za mikoa kama Songwe, Mbeya, Rukwa, Katavi, Njombe na Ruvuma, zinazonyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Wenzetu wa pwani ya kaskazini na wa kandokando ya Ziwa Victoria wana Vuli na Masika. Likiharibika moja, huenda lingine likawafaa. Sisi tunao msimu mmoja. Ukiharibika, mkulima anasubiri mwaka.

Kwa sababu hiyo, kuusikia vibaya mwelekeo huo ni hasara. Nami nina kisa changu.

Mwaka mmoja niliisoma taarifa hiyo redioni kwa haraka. Ilisema mvua za "wastani hadi chini ya wastani". Mimi, kwa kutafuta kichwa cha habari chenye uzito, nikasema mkoa wetu unakabiliwa na ukame. Baada ya mavuno nilikutana sokoni na mama mmoja mwenye shamba kule Mbozi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, ni wewe uliyenifanya nilime nusu ya shamba. Mvua ilikuja. Nusu ile nyingine imeota nyasi." Sikuwa na la kujibu. Taarifa haikukosea, aliyekosea ni msomaji wake.

Tuanze basi na neno lenyewe. Wataalamu wanaposema "wastani" hawana maana ya mvua nzuri wala mvua za kadiri. Wanachukua kumbukumbu za miaka mingi, kwa kawaida 30, na kupata kiasi cha kati cha mahali fulani. Katika vijarida vya Mamlaka, mvua za kati ya asilimia 75 na asilimia 125 ya kiasi hicho huitwa za wastani. Zikizidi hapo ni za juu ya wastani. Zikipungua ni za chini ya wastani.

Tupige hesabu. Mahali panapozoea kupata milimita 1,000 kwa msimu, milimita 760 ni wastani, na milimita 1,240 nazo ni wastani. Tofauti hapo ni karibu milimita 500, na bado neno ni lile lile. Tena "wastani hadi chini ya wastani" maana yake ni kwamba uzito wa mizani umeelemea upande huo. Haina maana kwamba upande wa pili hauwezekani. Ni sawa na kumwambia mtu kwamba mwenzake huenda akachelewa. Hukumwambia kwamba haji.

Jambo la pili ni ukubwa wa eneo. Mkoa wetu, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, hauna hali ya hewa moja. Nyanda za Mbozi ziko kwenye mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Huko kuna baridi na kahawa inastawi. Teremka mpaka Kamsamba, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, unakuta nchi ya mita 800 hivi. Kwa kuwa joto huongezeka kadiri unavyoshuka, bonde hilo huwa na joto zaidi ya Vwawa kwa nyuzi 4 au 5, na udongo wake hukauka mapema. Mvua ile ile inayomtosha mtu wa juu yaweza isimtoshe mtu wa chini.

La tatu ni chanzo cha mvua zetu. Jua linapoelekea kusini, huuvuta nyuma yake ukanda wa mvua, mahali zinapokutana pepo za kaskazini na za kusini. Katikati ya Oktoba jua hupita juu ya Tunduma, lakini ukanda huo hulifuata kwa kuchelewa, ndipo tunaona mawingu mwezi wa Novemba au hata Desemba. Miombo nayo huchipua kila mwaka joto linapopanda. Wazee hawakukosea kuisoma miti hiyo, maana inatangaza kwamba msimu umekaribia. Lakini haiwezi kutuambia mvua itakuwa kiasi gani.

Kiasi hutegemea zaidi bahari. Maji ya Pasifiki ya kati na mashariki yakipata joto kupita kawaida, tunasema kuna El Nino. Kwa kawaida hali hiyo huleta mvua nyingi Afrika Mashariki, hasa Vuli, kama ilivyokuwa mwaka 1997 na 1998. Lakini kusini mwa Afrika hali hiyo hiyo huleta ukame. Msimu wa 2023/2024 ulitupa somo la wazi. Desemba 2023 tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh, na Aprili 2024 Rufiji ilifurika. Katikati ya matukio hayo mawili, tarehe 29 Februari 2024, Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa.

Sisi wa Tunduma tuko wapi hapo? Tuko mlangoni, kati ya nchi inayolowa na nchi inayokauka. Katika ukanda huu wa katikati ishara za El Nino huwa dhaifu, na utabiri huwa mgumu kuliko wa Mwanza au wa Lusaka. Mtu akikuambia kwamba El Nino lazima itafurisha Songwe, mwulize amejuaje.

La nne, jumla ya mvua si mgawanyo wake. Mvua ya kwanza ya Novemba inaweza kumhadaa mkulima akapanda, kisha jua likawaka wiki mbili na mbegu ikaoza au ikakauka. Msimu huo unaweza kumalizika ukiwa wa wastani kabisa kwenye vitabu, naye amenunua mbegu mara mbili.

Wewe uliye mjini usiseme hayo ni ya wenye majembe. Ukame ukiingia Zambia, wanunuzi huvuka mpaka kutafuta mahindi, na bei ya unga wako wa ugali hupanda hata kama hapa mvua imenyesha. Mvua ikizidi, ni mtaro ulioziba mbele ya nyumba yako utakaojaza maji na maradhi.

Basi tufanye nini? Mwelekeo wa msimu tuutumie kupanga: mbegu ya muda mfupi au mrefu, chakula cha akiba, mitaro. Siku ya kupanda tuitafute kwenye taarifa za siku kumi, na usalama wa leo na kesho kwenye utabiri wa kila siku. Zaidi ya hayo tujue ngazi za maonyo: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Kila moja ina uzito wake, wala si vema kuzichanganya.

Mimi kwa upande wangu, tangu siku ile sokoni, naisoma taarifa yote, neno kwa neno, hata kama muda wa kipindi unabana. Kama bado una shaka, mwone bwana shamba wa kata yako kabla hujaamua ulime nusu au shamba zima.

Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.