Rafiki wa Kazini Asiye wa Kabila Lako

Wamama wenzetu wa Masisi na Walikale, juma hili tunaongea juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalibeba moyoni bila kulisema kwenye mkutano wala kanisani. Ni rafiki wa kazini asiye wa kabila lako. Mnafanya zamu moja hopitalini, mnafundisha shule moja, au mmeweka maharagwe yenu karibu karibu sokoni. Anakuangalizia biashara ukienda kunyonyesha. Mtoto wake akiugua, wewe unajua kabla ya shangazi yake. Halafu jioni unarudi nyumbani na shemeji anauliza: "Wewe na yule, munaongeaka nini?"

Swali hilo si la jana. Kwetu, wengi walikutanishwa na kazi. Mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji ilianza mpango wa kuleta watu kutoka Rwanda hadi Masisi, na mikono mingi ikahitajika kwenye mashamba makubwa ya wazungu. Wenye ardhi hawakuulizwa vizuri, na walioletwa hawakuambiwa wanaingia kwa nani. Watoto wao walichunga ng'ombe na kuchuma majani ya chai pamoja, lakini shauri la ardhi lilibaki chini kama kaa kwenye majivu. Tarehe 20 Machi 1993, sokoni Ntoto, Walikale, watu walishambuliwa na kuuawa kwa sababu ya kabila lao. Vita vikasambaa hadi Masisi, na huko kila kabila lilizika. Tunaitaja Ntoto kwa sababu soko ndiyo kazini kwa mama.

Tangu vita vilipoingia Masisi-centre Januari 2025, na Walikale-centre Machi mwaka ule, swali la shemeji limerudi kwa nguvu.

Sasa tuseme lililo gumu. Usiku, karibu na moto, unasikia kijana wa kwenu akisema kwamba kesho njia fulani itakuwa mbaya kwa watu wa kabila fulani. Rafiki yako anapita njia ile akienda kazini. Ukimwambia, kwenu utaitwa msaliti. Ukinyamaza, utamtazamaje mtoto wake?

Tulipoongea hilo kati yetu hatukupatana upesi. Wengine walisema: mama ana watoto, nani atawalea ikijulikana ni yeye aliyesema? Hatuwezi kuwaita waoga. Kuna nyumba zilizovunjika kwa neno moja. Lakini wengi wetu tulisimama hapa: mwambie. Maneno matatu yanatosha, "Kesho usije kazini." Usimpe jina la kijana, wala mahali walipo, wala idadi ya bunduki. Hayo ni ya wapiganaji, na mama asiyabebe kwenda upande wowote. Uhai wa mtu ni jambo lingine, hauwezi kuwa siri ya ukoo. Na wewe unayeambiwa "usije", usiulize "nani alikuambia?" Swali hilo linaweza kumuua aliyekuokoa. Baki nyumbani, ukionana naye kesho kutwa mpe habari ya watoto.

Vivyo hivyo usimuulize rafiki kaka zake wako wapi. Asipojua, hataweza kulazimishwa kusema, na wewe pia.

Kwa wauguzi ni kali zaidi. Jina la mgonjwa halitoki hopitalini, hata akija kuliuliza mtoto wa mama yako. Mwenzako wa zamu anakuangalia siku hiyo kuliko siku zote. Akiona umemficha mgonjwa wa kwao kama ungemficha wa kwenu, hatahitaji hotuba ya amani kutoka kwako. (Hotuba tumesikia nyingi, na wengi waliozitoa walirudi Goma kabla ya giza.)

Tena kuna jambo la pesa, kwa sababu urafiki wa kazini huwa unaingia kwenye akiba. Wenye AVEC wanajua: sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wamama watatu, na sanduku lenyewe analala nalo wa nne. Kwenye kikundi chenye makabila mbalimbali, funguo zote zikiwa za ukoo mmoja, watu wataanza kunong'ona hata kama hakuna franka iliyopotea. Zigawanyeni. Ila angalieni na hatari yake: vita vikija, ufunguo mmoja ukakimbilia Sake na mwingine Minova, sanduku halifunguki, na kila upande utasema ule mwingine umekula. Afadhali mkubaliane mapema kwamba mkisikia risasi zinakaribia, mnafungua pamoja, kila mama anachukua akiba yake, na mwandishi anaandika yote kwenye daftari mbele ya wote.

Kwenye mkutano wa juma hili, kabla ya kuhesabu michango, ulizeni kwanza funguo ziko kwa nani.