Kutua Mlimani: Helikopta, Mlima Kenya na Utata wa Kitenzi 'Kushuka'

Wakenya wengi wameiona helikopta kwa karibu wakati wa kampeni za uchaguzi. Hutokea angani, ikauzunguka uwanja mara mbili tatu, ikatimua vumbi na kupeperusha leso za akina mama, kisha mwanasiasa akashuka huku akipunga mkono. Magazeti yetu huiita 'ndege aina ya helikopta', ilhali vijana wa mitaani huiita 'chopa'. Wapo pia wanaoikumbuka kwa misiba. Tarehe 10 Juni 2012 Waziri George Saitoti na waziri msaidizi Orwa Ojode waliangamia katika msitu wa Ngong, na tarehe 18 Aprili 2024 Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alifariki pamoja na wanajeshi wenzake katika kaunti ya Elgeyo Marakwet.

Makala haya yanahusu safari ya namna nyingine: ile fupi ya kitalii inayoanzia Nanyuki au katika mashamba ya wanyamapori ya Laikipia, ikapanda hadi kwenye mabonde ya juu ya Mlima Kenya, ikatua kwa muda mfupi kando ya ziwa, kisha ikarudi. Azma yetu ni kueleza jinsi safari hiyo inavyofanyika. Aidha, tunanuia kuonyesha kwamba hatari yake kubwa kwa abiria haiko angani bali katika dakika ile ya kuteremka chomboni, na kwamba maelekezo ya dakika hiyo, yakitolewa kwa Kiswahili kisichopimwa, yanaweza kumpotosha msikilizaji. Suala hili si la watalii wa kigeni pekee. Helikopta hiyo hiyo ndiyo huwabeba askari wa wanyamapori, wapagazi na wagonjwa wanaookolewa mlimani, na wengi wa hao husema Kiswahili kabla ya Kiingereza.

Tuanze na jina. Neno 'helikopta' lina asili ya Kiyunani, nalo ni muungano wa 'heliko-', lenye maana ya kitu kilichojisokota kama parafujo, na 'pteron', yaani bawa. Kwa hiyo mpaka halisi wa viambajengo vyake uko baada ya 'heliko', wala si baada ya 'heli'. Hata hivyo, wasemaji wa lugha nyingi wamelikata wapendavyo. Katika Kiswahili limeingia katika ngeli ya I-/ZI- bila matata. Matata yako kwenye kile chombo kinachozunguka juu yake. Kamusi hutupa 'rafadha', neno lililozoeleka zaidi kwa meli. Wenzetu wa Tanzania wana 'pangaboi', lakini hilo pia hutumiwa kuitaja feni ya darini. Katika makala haya tutatumia 'rafadha', na kila bawa lake tutaliita 'panga', kwa kuwa mtu aliyeambiwa kwamba lililo juu ya kichwa chake ni panga hahitaji kuelezwa zaidi.

Safari yenyewe huanza alfajiri. Sababu yake yajulikana kwa yeyote aliyewahi kuishi Nanyuki, Meru au Nyeri: vilele huonekana waziwazi jua linapochomoza, na aghalabu kufikia saa nne asubuhi huwa vimekwisha kufunikwa na mawingu yanayopanda kutoka bondeni. Abiria hupimwa uzito kwenye mizani kama magunia ya mahindi, jambo ambalo huwaudhi baadhi yao. Rubani hana budi kufanya hivyo. Uzito huamua nani akae mbele na nani nyuma, na wakati mwingine huamua nani abaki.

Kutoka Nanyuki, mji ulio katika kimo cha takriban mita 1,950, hadi kwenye vilele ni kama kilomita 30 kwa mstari ulionyooka. Mpandaji mlima huchukua siku tatu hadi tano kwenda na kurudi. Helikopta hutumia robo saa kufika. Chini yake hupita mashamba ya ngano, kisha msitu wa mierezi na mipodo. Mianzi, iliyosongamana katika miteremko ya kusini na mashariki yenye mvua nyingi, ni adimu upande huu mkavu wa kaskazini. Msitu ukiisha huja vichaka vya majani membamba, halafu lobelia kubwa zinazosimama wima kama nguzo katika nyasi za baridi. Mbele yake husimama Batian, wenye kimo cha mita 5,199, na Nelion, mita 5,188. Pembeni yake kuna Lenana, mita 4,985. Majina haya matatu ni ya malaibon wa Kimaasai, nayo yaliwekwa na Mwingereza Halford Mackinder, aliyefika kilele cha Batian mwaka 1899. Mmisionari Ludwig Krapf ndiye aliyekuwa ameuona mlima huu kutoka Ukambani nusu karne kabla yake, mwaka 1849, akaliandika jina lake kama alivyolisikia kwa Wakamba, na wasomi wa Ulaya wakamtilia shaka. Wanafunzi wa Kiswahili wamjua kwa sababu nyingine, yaani sarufi yake ya mwaka 1850 na kamusi iliyochapishwa mwaka 1882 baada ya kifo chake.

Msomaji asidhani kwamba helikopta ya watalii hutua Batian. Kilele hicho ni mwamba mtupu wenye ncha. Hutua chini zaidi, mathalani kando ya ziwa Rutundu katika kimo cha takriban mita 3,100, au kando ya ziwa Alice lililo juu yake, ambako wavuvi hutafuta samaki aina ya trauti walioletwa wakati wa ukoloni. Palipo ndani ya mbuga ya taifa huhitaji idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kwa Agikuyu, Waembu na Wameru, mlima huu ni mahali patakatifu pa Mungu tangu kale, na ndiyo maana mwandishi wa makala haya angependelea kitenzi 'kuzuru' kuliko 'kutalii' kwa safari ya namna hii.

Kwa nini kutua mlimani kuwe kugumu kuliko kutua uwanjani? Jibu ni hewa. Rafadha huinua chombo kwa kuisukuma hewa chini. Katika kimo cha mita 4,000, uzito wa hewa katika nafasi ile ile ni takriban thuluthi mbili tu ya ule wa Mombasa. Panga lile lile likizunguka kwa kasi ile ile hupata hewa kidogo ya kusukuma, na injini nayo, ambayo huvuta pumzi kama sisi, hupungukiwa na nguvu. Kwa mkono wa kushoto rubani huinua wenzo unaobadilisha mwinamo wa mapanga yote kwa pamoja, kwa mkono wa kulia hushika fimbo inayoielekeza rafadha mbele, nyuma au kando, na kwa miguu hukanyaga pedali zinazoitawala rafadha ndogo ya mkiani, ambayo kazi yake ni kuzuia kiwiliwili cha helikopta kisizunguke kinyume na mapanga. Mlimani, wenzo wa kushoto hufika karibu na ukomo wake mapema. Helikopta inayobeba abiria watano pwani huenda ikalazimika kumwacha mmoja au wawili. Yapo mashine yenye uwezo wa ajabu: tarehe 14 Mei 2005 Mfaransa Didier Delsalle alitua juu ya kilele cha Everest, mita 8,848, kwa helikopta aina ya AS350 B3, akakaa hapo zaidi ya dakika mbili. Hata hivyo, chombo chake kilikuwa kimepunguzwa uzito na hakikuwa na abiria.

Kuna pia upepo. Upande unaopigwa na upepo, hewa hupanda na kukisaidia chombo. Upande wa pili wa ukingo huporomoka na kukivuta chini. Kwa hiyo rubani haendi moja kwa moja kutua. Hupita kwanza juu ya mahali pale, akitazama nyasi na mawimbi ya ziwa ili ajue upepo watoka wapi, hukadiria mteremko, hutafuta mawe yaliyofichwa na majani, na juu ya yote huchagua njia ya kukimbilia iwapo nguvu zitamwishia. Karibu na ardhi, katika kimo kisichozidi upana wa rafadha yake, hewa iliyosukumwa chini hubanwa na ardhi ikawa kama mto wa kulalia, na chombo huhitaji nguvu ndogo zaidi. Mtomo huu wa hewa haupatikani ipasavyo kwenye ukingo mwembamba wa jabali. Ndiyo maana bonde lenye nyasi huwa salama zaidi.

Sasa tufike kwenye lugha. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tuchukulie basi kwamba rubani anawaeleza abiria wake kwa Kiswahili, naye anasema: 'Msishuke mpaka niwape ishara. Mkishuka, shukeni. Wingu likishuka, tutashuka mara moja.' Msemaji yeyote wa Kiswahili angetunga sentensi hizi bila kufikiri. Lakini tazama kitenzi 'shuka' kinavyobeba mizigo minne: kutoka chomboni, kuelekea chini ya mteremko, wingu kuporomoka, na helikopta kupoteza kimo. Katika chumba cha mhadhara tungefurahia mfano huu wa polisemia. Kando ya injini inayonguruma, mtu aliyeisikia nusu ya sentensi atachagua maana anayoijua yeye.

Kosa la kuchagua maana ni hili. Helikopta ikitua kwenye mteremko, rafadha hubaki karibu sambamba na upeo wa macho huku ardhi ya upande mmoja ikiinuka kuielekea. Upande wa chini pana nafasi ya kutosha juu ya kichwa. Upande wa juu nafasi hiyo yaweza kuwa ndogo kuliko kimo cha mtu. Anayetoka na kuukwea mteremko huyafuata mapanga yenyewe. Kumwambia 'toka upande wa chini' hakutoshi, kwa sababu aweza kufahamu kwamba apite chini ya tumbo la chombo. Pendekezo letu ni kutumia viambishi vya mahali ambavyo lugha yenyewe imetupa: 'upande wa bondeni' na 'upande wa mlimani'. Mtu aliyekulia Murang'a au Taita hahitaji kufikiri mara mbili kuhusu bonde liko wapi.

Vivyo hivyo neno 'nyuma'. Rubani akisema 'msipite nyuma', je, ni nyuma ya nani? Abiria aliyekwisha kutoka na kugeuka huwa na nyuma yake mwenyewe. Kinachokatazwa ni kukaribia rafadha ya mkiani, ambayo huzunguka kwa kasi hata jicho lisiione, nayo iko karibu na kimo cha kichwa au kifua. Iitwe 'mkiani', na agizo liwe: 'Msiende mkiani kamwe.' Tungependa pia 'shuka' libakie kwa maana ya kutoka chomboni, 'teremka' litumike kwa mteremko, 'punguza kimo' kwa helikopta iliyo angani, na 'tua' kwa kugusa ardhi. Hili la mwisho ni hazina: mchukuzi hutua mzigo, jua hutua magharibi, ndege hutua mtini, na kutokana nalo tumepata 'kituo', kile cha matwana na kile cha ubeti. Maelekezo mengine hayana utata. Kofia na mitandio huvuliwa. Fimbo ya kupandia hubebwa kwa ulalo, si wima. Anayetoka huinama na kubaki mahali ambapo rubani anamwona.

Mlima huu umewahi kudai gharama kubwa kwa waliourukia. Mwaka 1970 daktari Gert Judmaier kutoka Austria alianguka karibu na kilele cha Batian akavunjika mguu. Helikopta iliyotumwa kusaidia uokoaji ilianguka na rubani wake akafa, ilhali Judmaier aliteremshwa kwa kamba na waokoaji waliopanda kwa miguu, akapona. Mnamo Julai 2003 ndege ya kukodi, si helikopta, iligonga Lenana na watu wote 14 waliokuwamo wakaangamia.

Abiria aliyetua salama huwa na dakika kumi au ishirini za kutembea. Atahisi pumzi fupi na pengine kizunguzungu, maana amepandishwa ghafla. Maradhi halisi ya mlimani huhitaji saa kadhaa kujitokeza, naye huwa amekwisha kuondoka. Hatakiwi kukimbia, hata kama ziwa linavutia. Rubani huendelea kulitazama bonde, na wingu la kwanza likijitokeza hapo, mazungumzo huisha na wote hupanda. Kabla ya kuondoka huinua chombo kidogo, akakiacha kikielea na kutazama saa zake ili ahakikishe nguvu zipo, kisha hukielekeza bondeni, mahali ambapo ardhi humkimbia badala ya kumfuata, na kasi ikapatikana. Aliyetoka Nanyuki saa moja asubuhi huwa amerudi kabla ya chai ya saa nne.