Anapiga Sufuria Mwenyewe, Mvua Ikinyesha Analia

Mvua kubwa ikishuka juu ya bati lisilo na dari, mtoto mwenye usonji anaweza kujichimbia chini ya kitanda, ameziba masikio, anapiga mayowe mpaka sauti inamkauka. Jana yake mtoto huyohuyo alishinda uani akigonga sufuria kwa mwiko, na waliolalamika walikuwa majirani. Wazazi wengi hukwama hapo. Anayeogopa kelele anapigaje kelele? Basi ni deko, watu husema, au mtoto hakulelewa vizuri.

Si deko. Mwaka 1943 Dk. Leo Kanner wa Marekani aliandika habari za watoto 11, maandishi yaliyofungua mlango wa elimu ya usonji tunayoijua leo. Alitaja vitu vilivyowatia hofu watoto wale: lifti, maji yanayotiririka, majiko ya gesi, hata upepo. Aliona pia kwamba mtoto aliyeogopa kelele aliweza kupiga kelele kubwa vilevile yeye mwenyewe, tena kwa raha zake. Sauti ya sufuria anaianzisha yeye, anajua pigo linalofuata litatua lini, na akichoka anaacha. Mvua haimwombi ruhusa.

Nafanya kazi na watoto hawa kama mtaalamu wa tiba kazi, na kama kuna jambo moja ningependa kila mzazi alishike, ni hilo. Kupunguza makali ya sauti, mwanga, harufu na mguso ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kumpa mtoto taarifa mapema na kumwachia sehemu ya uamuzi.

Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu. Iko mingine ambayo kwa watoto hawa ina uzito mkubwa. Ndani ya sikio kuna kiungo cha mizani kinachomjulisha mtu kwamba ameinama, anazunguka au anaanguka. Kwenye misuli na maungio kuna hisi inayomwambia mkono wake uko wapi hata akiwa amefumba macho, na anatumia nguvu kiasi gani. Kisha kuna hisi za ndani ya mwili: njaa, kiu, haja, maumivu. Mtoto mwenye usonji anaweza kupokea baadhi ya taarifa hizi kwa ukali mno na nyingine asizipate vya kutosha. Analia kwa sababu ya lebo ya shati shingoni, halafu anashika sufuria ya moto bila kushtuka. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa afya ya akili wa Marekani unazihesabu tofauti hizi miongoni mwa dalili za usonji zenyewe. Kwa hiyo jiko la mkaa, pasi na maji yanayochemka viwekwe mbali naye hata kama umri wake unakudanganya kwamba anajua kujilinda. Na asiyehisi kiu wala haja asingojewe aseme. Apewe maji na apelekwe chooni kwa saa zinazojulikana.

Kabla ya kubadilisha chochote nyumbani, chukua daftari la kawaida la shule. Kwa wiki mbili andika kila anapolipuka: saa, mahali, nani alikuwepo, nini kilitangulia, ilichukua muda gani kutulia. Mama mmoja aliamini mwanawe analichukia jiko lao. Daftari lilionyesha kwamba analia siku za kukaanga vitunguu tu. Siku za kuchemsha maharage anakaa humohumo na kuimba. Dawa ikawa kumwambia, "Sasa nakaanga, nenda barazani," na kumwita harufu ikishapungua.

Kwa upande wa sauti, nyumba nyingi zinaweza kutulizwa bila gharama. Sakafu ya saruji au vigae inarudisha kila mlio. Mkeka, zulia na pazia zito hupunguza mwangwi. Kiti cha plastiki kinachoburutwa kinakwaruza masikio ya mtu yeyote, ila wewe na mimi tunavumilia. Kata vipande vya ndala zilizochakaa, uvibandike chini ya miguu ya viti. Taa za mrija za zamani huvuma na kumetameta, na wako watoto wanaoliona hilo kuliko sisi. Jaribu kuzizima mchana, ukafungua dirisha, uone kama atabadilika.

Mvua hatuwezi kuizima, lakini tunaweza kuitangaza. Mawingu yakikusanyika, mwambie, au mwonyeshe picha ya mvua kama haongei, kisha mwende pamoja mahali alipopachagua yeye: kitanda cha kona, chini ya meza iliyofunikwa kitenge. Vizuia sauti kama vile mafundi wa mashine wanavyovaa masikioni vinasaidia sana. Avivae na kuvivua mwenyewe, kwa shughuli maalumu, si kutwa nzima, maana masikio yakizoea ukimya, hata sauti za kawaida zinaanza kuuma.

Sasa niseme kuhusu kunyoa, kwa sababu ni hapo ninapoona watoto wakiumizwa na watu wanaowapenda. Fikiria kinyozini kulivyo: redio iko juu, spiriti inanuka, mashine inanguruma kando ya sikio na mtetemo wake unapita kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, vinywele vinaingia shingoni, mkono wa mtu asiyemjua umeshika kichwa. Mtoto anapinga, baba anamkaba, wa pili anashika miguu. Nywele zinakwisha, na safari ijayo anaanza kulia akiona tu barabara ya kwenda huko.

Anza nyumbani, siku nyingi kabla. Mashine ikiwa imezimwa, aishike, aigeuze, aiweke pajani. Siku nyingine iwake juu ya meza ya mbali na yeye ndiye awe mwenye kubonyeza swichi. Ikishazoeleka ipite kwenye kiganja chake, kisha paja, bega, mgongo; kichwa kiwe cha mwisho. Siku yenyewe, omba kinyozi awapokee asubuhi mapema kabla ya wateja, redio ikiwa imezimwa. Kabla ya kuanza, mkandamize mabega na utosi kwa viganja, polepole na kwa uzito, kwa kuwa mguso mwepesi wa kupapasa huwasumbua wengi wao kuliko mguso mzito. Hesabuni hadi kumi kwa sauti, mashine iondoke kichwani, apumue, mrudie tena. Akiinua mkono, kinyozi aache kweli, hata kama upande mmoja haujaisha. Ukimlaghai mara moja mkono ule hautakuwa na maana tena. Asiyevumilia mtetemo anyolewe kwa mkasi. Na pale shule inapodai kila kichwa kinyolewe kipara, nenda ukazungumze na mwalimu mkuu; hakuna somo linaloingia kwa kipara.

Kuoga kunafuata mantiki hiyohiyo: anza na miguu, mwaga kopo zima badala ya kumnyunyizia, mwachie kopo alishike yeye, na ukimkausha bonyeza kanga mwilini bila kusugua. Nguo kadhalika. Kata lebo, geuza soksi nje ndani ili mshono usiguse vidole, fua sare mpya mara kadhaa kabla shule hazijafunguliwa. Shati la mtumba lililokwisha kulainika linaweza kumfaa kuliko jipya la dukani.

Wazazi hunionyesha picha za vifaa vya bei kubwa na kuuliza kama wakope wanunue. Jibu langu huwa ni kuuliza kwanza nyumbani kuna kazi gani. Misuli inapovuta, kusukuma au kubeba, watoto wengi hutulia, na nyumba zetu zimejaa kazi za namna hiyo: kubeba ndoo yenye maji kiasi cha nguvu zake, kukanda unga wa chapati, kutwanga, kukamua nguo za kufua, kusukuma dumu. Mpe kazi kama hizo kabla ya jambo gumu, kwa mfano kabla ya kwenda shule au kabla wageni hawajafika. Bembea ya taratibu, mbele na nyuma, hutuliza. Ya kuzunguka huchangamsha, hivyo usiku iachwe.

Temple Grandin, profesa wa sayansi ya wanyama mwenye usonji, alipokuwa kijana aliona kwenye ranchi ya shangazi yake huko Arizona jinsi ng'ombe walivyotulia walipobanwa ubavuni wakati wa chanjo, akajitengenezea mashine ya kujibana. Kishikio cha kukaza na kulegeza alikishika yeye mwenyewe. Blanketi zito nalo linauzwa kwa sifa nyingi, lakini utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa 2014, uliohusisha watoto 67 wenye usonji, haukuona kwamba liliwaongezea usingizi, ingawa watoto na wazazi walilipenda. Ukilitumia, liwe jepesi kiasi cha mtoto kulisukuma peke yake, na usimviringishe wala kumfunika uso.

Kupunga mikono, kujitikisa, kuzungusha kifuniko: aachwe, maana mara nyingi ndivyo anavyojituliza. Kuzuia kuje pale tu anapojiumiza. Mlipuko ukishafika, maneno yapunguzwe, taa na redio zizimwe, watu watoke. Hapo ndipo bibi atasema, "Mwanangu, huyu anahitaji fimbo." Mjibu kwa adabu na umpe kazi: "Mama, nisaidie kwanza kuwatoa hawa watoto nje." Akishaona kwa macho yake kwamba mjukuu anatulia chumba kikitulia, mazungumzo mengine yatakuwa mepesi. Fimbo huuongezea maumivu mengine mwili uliokwisha kufurika.

Kwenye chakula msilazimishe. Kama ugali haupaswi kugusana na mchuzi, weka sahani mbili, na chakula kipya kikae pembeni bila masharti. Ila mtoto anayepungua uzito, anayeacha vyakula alivyokuwa akila au anayekula udongo aonwe na daktari. Hali kadhalika anayebadilika ghafla na kuanza kujipiga kichwa: huenda ni jino, sikio au choo kigumu, na hawezi kusema. Na asiyeitika jina lake apimwe masikio kwanza, kabla hatujamaliza kila kitu kwa neno usonji. Wataalamu wa tiba kazi wapo katika hospitali kubwa kama Muhimbili na KCMC. Nenda na lile daftari. Mtaalamu atamwona mtoto kwa muda mfupi, katika chumba ambacho si chake, siku ambayo pengine hakuna mvua.