Konseri kwenye chuo: tiketi ngapi, bei gani, na makuta inakaa kwa nani?

Wanafunzi wa Bukavu, Goma, Butembo ao Bunia wakitaka kupanga konseri kwenye chuo, mara nyingi wanaanza na jina la mwanamuziki. Afazali waanze na sala. Inaingiza watu wangapi, na iko na milango ngapi ya kutokea? Hesabu hiyo ndiyo inasema mutachapa tiketi ngapi, ao biye kama tunavyozoea kuita. Tarehe 29 Oktoba 2022, watu 11 walikufa kwenye konseri ya Fally Ipupa katika uwanja wa Martyrs kule Kinshasa, kwa sababu watu waliingia kupita kiasi. Sala ya chuo ni ndogo, ndiyo, lakini mlango mmoja mwembamba na watu mia sita wenye kusukumana inatosha kuleta kilio.

Kisha bei. Tuseme sala inaingiza watu 400. Sono na jenereta dola 300, mwanamuziki 250, matangazo 50, sekirite na maji 100. Jumla ni 700. Kwa dola 2, lazima muuze tiketi 350 ndipo murudishe tu gharama, na bado hamujahesabu wale wa kuingia bure: wakubwa wa chuo, marafiki wa mwanamuziki, waandishi wa habari. Kwa dola 3, tiketi 234 zinatosha, lakini mwanafunzi mwenye kulipa nyumba na minerval atafikiri mara mbili. Kule Goma, Festival Amani ilianza 2014 kwenye uwanja wa Collège Mwanga na tiketi ya dola moja. Bei hiyo iliwezekana kwa sababu wafazili walilipa sehemu kubwa ya gharama. Kama hamuna mufazili, mupunguze gharama kwanza: waimbaji wa chuo chenyewe wanavuta watu, maana kila mumoja anakuja na promosioni yake yote nyuma.

Hapo ndipo siri ya kuuza iko. Bango nzuri inapendeza, tangazo la radio linafika mbali, kikundi cha WhatsApp kinapiga kelele. Lakini mwanafunzi ananunua akiombwa na mutu anayemujua. Basi mupe kila CP kitabu cha tiketi 20 zenye namba, aandike jina lake na kutia sahihi, na arudishe makuta kila jioni, si siku ya konseri. Ile ya kusema « tutahesabu mwishoni » ndiyo inavunja urafiki. Muuze wakati watu wamepata kitu mfukoni, mwanzo wa mwezi, na mbali na juma la mitihani. Na musiandike kwenye bango jina la mwanamuziki ambaye hajapokea avansi. Watu wakidanganywa mara moja, mwaka ujao hawanunui.

Juu ya tiketi za uongo: fotokopi ni rahisi, kwa hiyo mutumie karatasi ya rangi, namba, na kashe ya komite inayopita katikati, nusu kwenye tiketi na nusu kwenye kipande kinachobaki kitabuni. Mlangoni, mutu mumoja anapasua, mwengine anaandika namba.

Tangu mabanki zilifungwa Goma na Bukavu mwanzo wa 2025, wengi wanalipa kwa simu. Ni vizuri, lakini ujumbe wa simu si malipo. Kuna vijana wanaotunga ujumbe ule neno kwa neno, ao wanaonyesha picha ya skrini ya rafiki. Mwenye kutunza makuta aangalie salio lake mwenyewe ndipo atoe tiketi. Na iwe namba moja tu, ile ile iliyoandikwa kwenye bango.

Barua kwa meri na kwa wakubwa wa chuo ipelekwe mapema, na muulize kodi ya tamasha pamoja na haki za watunzi, zile SOCODA inazosimamia. Mukikuta deni mlangoni siku ile, faida imekwisha.

Saa nayo inauza ao inaharibu. Konseri ya saa nane mchana hadi saa kumi na moja itapata wasichana wengi kuliko ile ya usiku, kwani wazazi wanajua njia na bei ya moto gizani. Wapangaji wengi wanadharau jambo hili, halafu wanashangaa sala ikiwa nusu.

Mwisho ni swali ambalo munapaswa kujibu mbele ya kuuza tiketi ya kwanza: hali ya usalama ikibadilika, itakuwaje? Muandike nyuma ya tiketi: konseri ikisogezwa, tiketi inabaki na kazi, ikifutwa, makuta inarudi kwa CP aliyeuza, kufuata namba. Hii inawezekana tu kama makuta haijaguswa. Avansi ya mwanamuziki na ya sono itoke kwenye muchango wa komite. Ile ya tiketi ikae kwa watu wawili, mumoja akiwa na simu na mwengine akiwa na kode, hadi jioni ya konseri.