Manowari ya Mtumba Iliyofika Mtongwe

Sisi watu wa Likoni meli za kijivu za Mtongwe tumezizoea, hata hatuulizi zimetoka wapi. Mojawapo, KNS Harambee II, ina historia ya bendera mbili.

Iliundwa Cherbourg, Ufaransa, ikaingia kazini mwaka 1987 kwa jina La Rieuse, yaani bibie mwenye kucheka. Ilikuwa na ndugu zake tisa wa aina hiyo ya doria, P400, kila moja na urefu wa karibu mita 55. Makao yake yalikuwa kisiwa cha Réunion, hukuhuku Bahari ya Hindi. Mwaka 2011, maharamia wakiwa wamechacha upande wa Somalia, Wafaransa wakaikabidhi Kenya. Ile "II" ni kwa kuwa Harambee ya kwanza tulikuwa nayo tangu 1975.

Sasa, mbona mtu atoe manowari ambayo bado yatembea? Mwenye jahazi anajua jibu. Jahazi hupandishwa pwani, likakalafatiwa, likapakwa deheni chini na sifa juu, na kila likizeeka siku za pwani huzidi siku za baharini. Meli ya chuma ni vivyo hivyo. Chumvi hula mabati mpaka yakapungua unene, nyaya huchoka, na vipuri vya injini huacha kutengenezwa. Ikipita miaka ishirini na kitu, tajiri huona afadhali aunde mpya. Anayepokea hupata chombo kwa urahisi, lakini hupokea na bili ya fundi.

Bili hiyo twaijua. KNS Nyayo na KNS Umoja, zilizoundwa Uingereza na ambazo ni rika moja na La Rieuse, zilipochoka zilipelekwa mpaka Italia kukarabatiwa, zikarudi mwaka huohuo wa 2011. Pesa za ufundi zikabaki huko.

Leo Kenya Shipyards, kampuni ya serikali chini ya Wizara ya Ulinzi, ina chelezo papo hapo Mtongwe. Manowari yenye umri huu haiishi kazi: kuchomelea, kupima mabati, kufungua injini, kupaka rangi. Basi viongozi wetu watuambie, ni vijana wangapi wa Mtongwe na Shika Adabu wamefunzwa kazi hiyo, na wangapi bado wanapanda feri alfajiri kutafuta kibarua ng'ambo?