Utangulizi: Askari, Mnajimu na Foleni ya Tunduma

Kaa Tunduma siku mbili tu, utaona jinsi ukubwa wa mtu unavyohama. Barabarani, kutoka Dar es Salaam mpaka Vwawa, bwana mkubwa ni dereva wa semi: utingo anatumwa, aliyepewa lifti ananyamaza. Lori likishaingia kwenye foleni ya kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, ukubwa huo unayeyuka. Anayetafutwa sasa ni wakala wa forodha, na dereva yuleyule aliyekuwa akipigia honi dunia nzima amekaa kivulini mwa tela lake, anacheza drafti kwa vizibo vya soda, akingoja jina lake liitwe. Ujuzi wake haujapungua hata chembe. Amefika tu mahali ambapo ujuzi ule hauna kazi.

Uwanja ninaokukaribisha, msomaji, unauliza ukubwa huo unakaa wapi, safari hii kuhusu watu ambao hawapo. Kuna michezo ya mezani ambayo watu wanne au watano hukutana, mmoja akawa msimulizi, wengine kila mmoja akabeba mhusika wa hadithi: huyu askari wa upanga, yule mjuzi wa maajabu, mwingine kasisi. Msimulizi anaeleza kilichoko mbele yao, wao wanasema watafanya nini, na penye shaka dadu inaamua. Wa kwanza kuuzwa madukani kama mchezo wa namna hiyo ulikuwa Dungeons & Dragons, uliochapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Ulianza na aina tatu za wahusika, na mwizi akaongezwa mwaka 1975. Ubishi wa nani kati yao ana nguvu zaidi haujatulia hadi leo, na ndani ya ubishi huo umezaliwa utafiti wa kweli, wenye hesabu zake na makosa yake.

Kwanza tukubaliane maneno. Aina hizo nitaziita fani. Nilijaribu "darasa", likanuka chaki. Nilijaribu "tabaka", lakini sisi tuliolelewa na Azimio la Arusha tukisikia tabaka tunawaona mabwanyenye na wavujajasho, si mtu mwenye upanga na mtu mwenye kitabu. Huyo wa kitabu naye alinisumbua zaidi. Wengi wangemwita mchawi, ila neno hilo, Mbozi na kwingineko, si la mchezo. Limewahi kumgharimu bibi kizee uhai wake. Mganga naye anaponya, na mezani kazi ya kuponya ni ya kasisi. Nimemwita mnajimu, kwa kuwa nguvu zake zinatoka kwenye kusoma, kama za wanajimu wa pwani na vitabu vyao vya falaki. Anayetaka neno lingine ana ruhusa, mradi asirudi kwenye lile la kwanza.

Sasa tuhesabu kidogo. Katika kanuni za mwaka 1978 za mchezo ule wa Marekani, uhai wa askari anayeanza hupimwa kwa dadu ya pande 10, wastani wake ni 5.5. Wa mnajimu hupimwa kwa dadu ya pande 4, wastani 2.5. Upanga mrefu hupiga kwa dadu ya pande 8, wastani 4.5. Maana yake, pigo moja la kawaida la upanga linatosha kumlaza mnajimu chini, na yeye kwa siku nzima ana fumbo moja tu la maajabu la kutamka. Akishalitamka, anabaki mzigo wa kulindwa. Mtu akikuambia siku hiyo kwamba mnajimu ndiye mwenye nguvu, utamcheka.

Usicheke mapema. Askari akipata uzoefu na kupanda daraja, anajumlisha: uhai kidogo, shabaha kidogo. Mnajimu anazidisha. Akifika daraja la tano anapata tufe la moto, ambalo hupiga dadu moja ya pande 6 kwa kila daraja lake. Dadu tano zina wastani wa 17.5, na pigo hilo humwangukia kila aliyesimama ndani ya moto. Chukua majambazi sita waliojibanza porini kuelekea Ziwa Rukwa. Nusu yao wakifanikiwa kujikinga na kuumia nusu ya kipimo, tufe moja limeleta madhara ya karibu 79. Upanga wa askari, hata usipokosa, ungehitaji mapigo 17 au 18 kufikia hapo. Na daraja linalofuata, upanga ni uleule, tufe limeongezeka dadu.

Wabunifu wa zamani waliliona hilo na hawakukaa kimya. Dawa yao ya kwanza ilikuwa kumchelewesha mwenye nguvu. Katika toleo la kujifunzia la mwaka 1981, mwizi alihitaji alama 1,200 za uzoefu kufika daraja la pili, kasisi 1,500, askari 2,000, mnajimu 2,500. Naupenda utaratibu huo, ingawa wengi wanauona wa kizamani. Ulikiri waziwazi kwamba fani hazilingani, kisha ukatoza ushuru. Toleo la mwaka 2000 lilifuta tofauti hiyo, kila fani ikapanda kwa kipimo kimoja, na ushuru ulipoondoka, mnajimu na kasisi waliwaacha wenzao mbali mno. Mwaka 2008 likaja toleo lililozipa fani zote mpangilio mmoja: uwezo wa kutumia wakati wowote, wa mara moja kwa pambano, wa mara moja kwa siku. Hesabu zilikaa sawa kuliko wakati wowote uliopita, na wachezaji wengi wakalalamika kwamba askari na mnajimu sasa wanaonja sawa, kama chai mbili za birika moja. Nadhani walikuwa na haki kiasi. Mtu hachagui fani ili alingane na wengine; anachagua ili awe na jambo lake.

Hapa ndipo mgeni wa uwanja huu anapoteleza mara nyingi. Anatengeneza jedwali la madhara kwa kila pigo, anawapanga washindi na walioshindwa, anadhani amemaliza. Jedwali hilo limesahau foleni. Mnajimu ana akiba ya mafumbo inayoisha hadi alale. Askari ana mkono usioisha. Kwa hiyo nguvu za mmoja dhidi ya mwingine zinategemea idadi ya mapambano kabla ya kulala. Msimulizi akitoa pambano moja kwa siku, mnajimu anamwaga akiba yote asubuhi na kumfanya askari mtazamaji. Akitoa manane, ifikapo jioni mnajimu amejificha nyuma ya ngao ya mwenzake. Kitabu cha wasimulizi cha mwaka 2014 kilikadiria kwamba kundi linaweza kuhimili mapambano sita hadi manane ya kiasi au magumu kwa siku moja. Meza nyingi huchezesha mawili au matatu, watu wakawahi kurudi nyumbani. Halafu wanashangaa kwa nini mnajimu anatawala! Kanuni haijawaonea, ratiba yao ndiyo imempa ufalme.

Kipimo kingine kiko nje ya vita. Mwizi wa daraja la kwanza, kwa kanuni zile za 1978, alikuwa na asilimia 25 za kufungua kufuli, kabla ya kuongezewa kitu kwa asili yake au wepesi wa vidole. Mnajimu wa daraja la tatu aliweza kujifunza fumbo linalofungua mlango bila kubahatisha. Je, mwizi amekosa kazi? Kwa mlango mmoja, ndiyo. Kwa ghala lenye milango kumi, mnajimu angehitaji mafumbo kumi, na hana. Ni kama wakala mwenye namba ya simu ya mkubwa: ataitumia mara moja, mbili, kisha atarudi kwenye karatasi kama wenzake.

Wazee wa bao wataniuliza mambo haya ya kigeni yanawahusu nini. Yanawahusu kuliko wanavyodhani. Katika bao la Kiswahili kuna kete 64 na hakuna yenye fani. Zote ni sawa. Ukubwa uko kwenye shimo. Shimo liitwalo nyumba, likiwa na kete sita au zaidi wakati wa kunamua (kete zingali zikiingizwa ubaoni), lina haki ambayo mashimo mengine hayana: mchezaji aliyekula, akimalizia nyumbani, anaweza kulala hapo au kuamua safari. Ikishaliwa au ikisafiri, imekuwa shimo kama mengine. Drafti nayo inampa nguvu aliyefika mbali: kizibo kilichoburuzwa hatua moja moja kinaingia kingi na kuanza kutembea mlazo mzima. Alexander de Voogt, aliyeandika tasnifu yake ya mwaka 1995 kuhusu mafundi wa bao, alionyesha kwamba mchezo wa barazani unastahili uchunguzi wa chuo kikuu. Mimi naongeza tu kwamba barazani ndipo tulipokwisha kuelewa jambo ambalo wenye majedwali wanalitafuta: nguvu hukaa kwenye nafasi na zamu, na mhusika huzipitia.

Sehemu zinazofuata zitakupeleka kwenye uwezekano wa dadu, kwenye uchumi wa zamu, na kwenye jambo gumu kuliko yote, yaani muda wa kuzungumza mezani, kwa maana fani inayoshinda vita lakini inamwacha mwenzako akichezea simu saa nzima haijapimwa vizuri. Usizisome mikono mitupu. Tafuta wenzako watatu, mcheze kwanza, na kila mkutano uandike kwenye daftari mambo mawili: mapambano mangapi kabla ya kulala, na nani alitatua lipi. Mikutano kumi itakufundisha zaidi ya sura zangu tatu za mwanzo. Dadu za pande 20 zikikosekana, usiahirishe. Mwaka 1979, dadu zilipoadimika Marekani, wachapishaji wenyewe walitia vipande vya karatasi ngumu vyenye namba ndani ya masanduku ya mchezo, mtu akavichota kwenye kikombe. Vizibo 20 vya soda, vikiandikwa namba, vitafanya kazi hiyohiyo.